Ukikosa mbio ya Jumanne, usiilipe Jumapili

Kila mwaka ikifika Julai, Agosti hivi, watu wakianza kujipanga kwa marathoni ya Nairobi ya Oktoba, kitengo chetu cha fiziotherapia hapa Kisumu kinaanza kupata wageni wa aina moja. Si wanariadha wa kambi. Ni walimu, manesi, watu wa benki, mama wa duka, juzi nimepata hadi mtu wa bodaboda, watu wazima na kazi zao na watoto wao wameamua mwaka huu lazima wamalize kilomita 42.195. Nawapenda hawa watu, nasema ukweli, na ndio maana inaniuma kuwaona kwa kitanda changu wiki sita kabla ya siku yenyewe.

Nikupe mfano mmoja, nimebadilisha mambo kidogo asijulikane. Mwalimu, miaka thelathini na kitu, anaingia akichechemea, anavua soksi, anaweka kidole hapa mbele kwa ugoko, sehemu ndogo kama kifuniko cha biro, ananiambia "ni hapa tu daktari, nikibonyeza naona nyota." Mimi huwa siulizi kwanza amekimbia ngapi, nauliza wiki ilikuwa aje. Jumanne alikosa mbio ju ya mkutano wa walimu. Alhamisi akaenda Siaya kwa matanga ya shangazi yake, usiku mbili kwa kiti cha plastiki, chakula ni kile unapata ukipata. Jumamosi jioni amerudi nyumbani, akafungua programu yake kwa simu, akaona amebaki nyuma mbio mbili. Kwa hivyo Jumapili badala ya kilomita 22 akaenda 28, na akapandia mlima wa Riat pale mbele ya Mamboleo, "ndio nilipe deni."

Hilo neno deni ndilo limefanya nikae niandike hii.

Mbio uliyokosa si deni. Imepita, iache. Ukikimbia, mfupa na misuli inachakaa kidogo, hiyo ni kawaida kabisa, halafu ukilala na ukala ndio mwili unajenga tena na unajenga imara kuliko mwanzo. Nguvu haiji ukiwa barabarani, inakuja ukiwa umelala. Sasa mtu ambaye hajalala usiku mbili amechukua kile kipindi cha kujenga amekitoa, kisha akaongeza mzigo juu, na mfupa ukizidiwa hivyo wiki baada ya wiki unaanza kupata ufa, tena ufa wa aina ambayo eksirei ya mapema mara nyingi haiuonyeshi hata. Mwili hauna daftari mbili, moja ya mazoezi na ingine ya maisha. Msiba, zamu ya usiku, mtoto mwenye homa, stresi ya mkopo, bia za Jumamosi, zote zinaandikwa kwa daftari moja na zile kilomita.

Na ujue hii itakusaidia kulala: ukikosa siku tatu, nne, hata wiki nzima, pumzi uliyojenga kwa miezi haiendi mahali. Inachukua kama siku kumi hadi wiki mbili bila kukimbia kabisa ndio ianze kushuka kwa njia ya maana. Kwa hivyo ukitoka matanga, lala, kula, tembea kidogo, siku inayofuata enda mbio fupi ya polepole ile unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kuhema, halafu endelea na programu pale ilipo leo, si pale uliiacha.

Wengi wanachukua programu kwa intaneti, imeandikwa na mtu wa Ulaya ama Marekani, mbio tano sita kwa wiki, halafu wanajaribu kuisukumia ndani ya wiki yao kwa nguvu. Mimi nasema anza na kalenda. Nina mgonjwa ana ile ya agrovet imetundikwa jikoni, alinipigia picha akanionyesha: kwanza ameandika na biro nyekundu chama cha Jumapili ya kwanza, visiting dei ya mtoto, zamu za usiku, harusi ya binamu, ndio akaja na biro ya bluu akaweka mbio kwa nafasi zilizobaki. Hiyo picha ilinifurahisha kuliko medali. Mtu wa kazi akipata mbio tatu za maana kwa wiki, moja ndefu, moja ya kasi kidogo, moja ya katikati ya polepole, na siku ingine mazoezi ya nguvu ya dakika ishirini hapo sebuleni, akafanya hivyo wiki kumi na sita hadi ishirini, anaweza kumaliza marathoni vizuri. Mbio ndefu ipande pole pole hadi kilomita 30, 32 hivi, na kwa anayeanza nikiona imepita masaa matatu na kitu naona ni uharibifu zaidi ya faida. Wiki mbili tatu za mwisho unapunguza.

Siku ya mbio ndefu ndio inaleta vita nyumbani na kanisani. Ndugu zetu Wasabato wengi hapa Nyanza wanaikimbia Jumapili, hao hawana shida. Wa Jumapili, ama iende Jumamosi, ama utoke mapema uwahi ibada ya pili. Lakini usitoke saa kumi usiku peke yako kwa barabara ya Busia ama ya Kakamega, huku kwetu kunaanza kuonekana vizuri kama saa kumi na mbili na nusu, na matatu za mapema hazikungojei. Akina dada hasa, tafuteni kikundi, naomba. Wanaosema jua litawachoma, ni kweli Kisumu joto ni kali, tuko mita 1,100 na kitu na ziwa liko hapo, lakini mwendo ukipunguzwa na maji yakibebwa saa moja asubuhi bado inawezekana.

Kwa matanga, kama umelala vizuri na lazima ukimbie ukiwa kijijini, dakika thelathini asubuhi zinatosha, umwambie mzee wa boma kabla, na usipite na kaptura mbele ya hema watu wakiwa wamekaa kuomboleza. Na kama ni siku ya kuzika, acha tu.

Sasa niseme la nyumbani, na hapa sitazunguka. Kuna mwanaume anakimbia masaa matatu Jumapili, anarudi, anaoga maji yaliyopashwa na mtu mwingine, anakula, analala kwa kochi hadi saa kumi, halafu ananiambia yeye ana nidhamu. Hapana, kaka yangu, umehamisha mzigo tu. Hayo masaa matatu kuna mtu alibeba, aliamsha watoto, alipika uji, alitafuta soksi. Mama akitaka kukimbia hayo hayo masaa, nani anashika jiko? Kaeni chini kabla hujalipia usajili, mpangane, yeye apate asubuhi zake kama wewe unapata zako. Wagonjwa wangu ambao nyumbani wanajua programu ndio wanapona haraka, ju wanaambiwa "leo hujalala, usitoke" na mtu anayewaona kila siku.

Watu huniambia Kipchoge. Kipchoge siku za kazi alikuwa analala kambini Kaptagat na nyumbani anarudi wikendi, hiyo ilikuwa kazi yake, na hata ile siku ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia 1:59:40, alikuwa na wakimbiaji 41 wanabadilishana kumkinga upepo na kumshikia mwendo. Wewe una bosi na karo ya shule. Na kuna miaka ambayo si ya marathoni: mtoto mchanga, mtihani wako wa diploma, mzazi anaugua. Mwaka kama huo kimbia 10 ama 21, uzifurahie, 42 itakungoja.

Mwili ukianza kukataa unakwambia mapema. Usingizi unapotea hata ukiwa umechoka, mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani yanapanda kuliko kawaida yako siku kadhaa mfululizo, unakuwa mkali kwa watoto, mafua hayaishi. Kwa akina dada, hedhi ikipotea na huna mimba, usifurahie ati umepungukiwa na kazi, mara nyingi ni dalili huli ya kutosha kwa kilomita unazokimbia na mifupa inalipia, mwone daktari. Ukiwa na homa usikimbie, hapa kwetu pima malaria kwanza. Na hii tabia ya kumeza diclofenac ama ibuprofen asubuhi ndio mguu usisumbue kwa mbio ndefu, acha kabisa, ukiwa umekaukiwa maji hizo dawa zinaumiza figo, na zinaficha lile ambalo mguu unajaribu kukuonyesha.

Yule mwalimu alikaa wiki saba bila kukimbia, akawa anaendesha baiskeli na kuogelea, Oktoba hakwenda Nairobi, saa hii ameanza tena na dakika moja mbio dakika moja kutembea. Kwa hivyo kama una uchungu wa mfupa unaoweza kuufunika na kidole kimoja, ama ukiruka na huo mguu peke yake unashindwa, usiende kuujaribu wikendi. Njoo Jumatatu asubuhi, na ubebe zile raba unakimbilia tuone soli zimeisha upande gani.