Pikapu ya kilo 2.6 juu ya mwamba wa Nyali

Bahari ikipwa pale Nyali, Mombasa, mwamba unaobaki wazi si jiwe laini la mtoni. Ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, yenye matundu kila mahali, kingo kali kama meno ya msumeno na mashimo yanayoweza kumeza gurudumu zima. Juu yake huwa napitisha gari la rimoti nililoliunda kwa mikono yangu: pikapu ya Land Cruiser 79, ndogo mara kumi kuliko ile ya barabarani. Watu husimama kutazama, na swali la kwanza ni lile lile siku zote: mota yake ina nguvu gani? Mimi mota huiacha mwisho kabisa. Gari la kupanda mwamba hupanda kwa uzito wake, uzito huo umekaa wapi na umekaa chini kiasi gani.

Nilichagua Land Cruiser 79 kwa sababu ndiyo pikapu tuliyoizoea. Huunganishwa hapa hapa Mombasa, Miritini, na haipiti siku bila kuiona moja imebeba askari, magunia au matangi ya maji. Ami yangu ana gereji. Ilipoletwa moja kwa kazi ya klachi, nilimwomba anipe saa moja na tepu.

"Mwanangu, unapima nini huko chini?"

"Kutoka ekseli hadi ekseli, ami. Nishikie ncha hiyo."

Akashika. Sentimita 318.

Uzuri wa kipimo cha moja kwa kumi ni kwamba hakihitaji kikokotoo: kila sentimita ya gari la kweli inakuwa milimita kwenye lako. Sentimita 318 zikawa milimita 318, na kwenye fremu yangu ekseli nikaziweka kwa umbali huo. Mlango, taa, kioo, kimo cha bodi kutoka ardhini, vyote niliviandika kwenye daftari moja na bado ninalo.

Uzito haufuati hesabu hiyo. Urefu, upana na kimo ukivigawanya kwa kumi kila kimoja, ujazo umeugawanya kwa elfu. Pikapu ya tani 2 ingetoka na kilo 2. Yangu ina kilo 2.6, na gramu hizo 600 za ziada niliziweka kwa makusudi, kila moja na mahali pake.

Kwanza tairi, maana hapo ndipo utakapolazimika kuchagua baina ya ukweli na uwezo. Tairi la 7.50R16 ambalo pikapu hizi huvaa lina kimo cha sentimita 81 hivi. Kwa haki, langu lingekuwa la milimita 81. Nililijaribu, na tumbo la difu, yaani kile kifuko cha gia katikati ya ekseli, likakwaruza kila jiwe tulilokutana nalo. Zipo tairi za milimita 120 zinazopita popote, lakini ukizifunga gari linakuwa kama kaa aliyesimama kwa vidole, na Land Cruiser yenyewe imepotea. Nilitulia kwenye 98. Mpira uwe laini, na ndani yake sponji ya tabaka mbili: ya ndani ngumu ibebe gari, ya nje laini ikumbatie jiwe. Matundu ya kupumulia toboa kwenye meno ya tairi, usitoboe rimu, ili maji yakiingia yarushwe nje gurudumu likizunguka. Matumbawe makavu yanashika vizuri mno, kuliko mawe mengi niliyowahi kupitia, ila yanakula mpira. Tairi laini kabisa zinazosifiwa na watu wa nchi za mawe laini hapa hazidumu.

Sasa tuje kwenye uzito.

Chukua ubao, simamisha gari juu yake kwa matairi yote manne, inua polepole upande ulio ubavuni mwa gari huku simu ikiwa imelala juu ya ubao na programu ya kupima pembe. Kabla ya hapo zifunge shokamzoba kwa vibano vya plastiki ili gari lisiiname. Angalia pembe ambayo matairi ya juu yanaachana na ubao. Gari langu la kwanza liliachana na ubao kwenye nyuzi 45. Kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia ni milimita 190, nusu yake 95. Likianguka kwenye nyuzi 45, basi kitovu cha uzito kiko milimita 95 juu ya ardhi, sawasawa na nusu ya upana. Nilipokishusha hadi milimita 75, ubao ulifika karibu nyuzi 52. Nyuzi 7 kwenye karatasi ni kidogo, lakini mwambani ndizo zinazoamua gari lipite ubavuni mwa jiwe au liviringike hadi kwenye dimbwi.

Kupanda kuna hesabu yake pia. Kwenye mwinuko, uzito hukimbilia nyuma, na kadiri kitovu kilivyo juu ndivyo unavyokimbia zaidi. Gari lile la kwanza, likiwa tambarare, lilikuwa na nusu ya uzito mbele na nusu nyuma. Lisimamishe kwenye mwinuko wa nyuzi 45, na kwenye matairi ya mbele inabaki asilimia 20 tu ya mgandamizo. Ndiyo maana yalikuwa yakizunguka bure kwenye ukingo wa jiwe huku nyuma kukisukuma, mpaka gari likalala chali. La sasa lina asilimia 58 mbele likiwa tambarare, na kwenye mwinuko ule ule hubakiwa na asilimia 34. Mota ni ile ile na tairi ni zile zile. Ukitaka kuhakikisha, mizani ya jikoni inatosha: weka matairi mawili ya mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya vitabu vya kimo sawa na mizani, soma, kisha geuza.

Mpwa wangu alinishika hapo. "Mjomba, kama uzito ndio unaosaidia, si tujaze tu vyuma huko mbele?"

Swali zuri. Uzito ukiwekwa juu, kwenye boneti au kwenye keria, unapandisha kitovu na kuharibu ulichokuwa unakitafuta. Unatakiwa kukaa chini ya springi, yaani kwenye ekseli na ndani ya magurudumu. Gari la mbio haliwezi kuvumilia magurudumu mazito kwa sababu yatarukaruka. Hili letu linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, halina muda wa kuruka, kwa hiyo kasoro ya gari la mbio kwetu ni fadhila.

Nje ya nchi watu hununua magurudumu na vifuniko vya difu vya shaba ya manjano vilivyochongwa tayari. Vichache nimeagiza. Lakini sisi tuna kitu ambacho kimekuwa hapa kabla ya magari ya rimoti: chubwi. Risasi ya mshipi wa mvuvi, unainunua kwa bei ya chini, unaigonga kwa nyundo mpaka inakuwa ukanda mwembamba, unaizungusha ndani ya rimu na kuibana kwa gundi ya epoksi. Gramu 100 kwa kila gurudumu la mbele, 40 kwa la nyuma. Risasi ina sumu, kwa hiyo isiyeyushwe nyumbani, watoto wasiiguse, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote. Juu, nilifanya kinyume: bodi ya plastiki ngumu niliyoanza nayo ilikuwa na karibu nusu kilo, nikaiacha na kujenga nyingine kwa shiti ya plastiki, milimita moja na nusu kwenye milango na milimita moja tu kwenye paa.

Lipo jambo ambalo video za watu wa majangwani hazitakuambia, nalo ni chumvi. Nilikuwa nimefunga mikono ya usukani ya alumini, na juu yake vizito vya shaba. Ilipendeza. Baada ya miezi michache nilifungua skrubu moja na ndani ya tundu nikakuta unga mweupe, laini kama poda, na tundu lenyewe limepanuka kiasi cha skrubu kucheza. Shaba na alumini zikigusana katika maji ya chumvi zinakuwa betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Haionekani kwa nje. Sasa mikono ile ni ya chuma, na popote shaba inapokutana na alumini naweka washa ya nailoni na grisi ya mashua. Skrubu zangu za M3, yaani za unene wa milimita 3, ni za chuma cha pua, ingawa vichwa vyake ni laini kuliko zile nyeusi na vinalika upesi ukitumia ufunguo uliochoka. Zile nyeusi ni imara zaidi, lakini kwetu zinashika kutu kabla hujamaliza gari. Dawa ya kushikiza skrubu tumia ya buluu, na kwenye chuma kwa chuma peke yake, kwani aina nyingi za plastiki hupasuka ikizigusa.

Ekseli ya nyuma ya gari la kweli imekaa juu ya springi za bapa. Nilizitengeneza, na zilikuwa nzuri kwa macho, lakini ukibonyeza rimoti ekseli inajizungusha na kuzipinda zikawa kama herufi S, kisha gari linarukaruka mahali pamoja. Nikazitoa kwa huzuni na kuweka fito nne: mbili ndefu chini, mbili fupi juu. Fito za chini ziinamishe kidogo katikati, kwenda juu, jiwe lipite chini yake bila kunasa. Difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zifungwe kabisa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, maana difu iliyo huru hulipa nguvu gurudumu lililo hewani.

Mota ni ya ukubwa wa 540 yenye mizunguko 35 ya waya, basi. Meno ya gia yote kwa pamoja yanapunguza mwendo mara 40, na mota ikizunguka mara 12,000 kwa dakika gari linakwenda kilomita 5 na nusu hivi kwa saa. Betri ya seli 3, volti 11.1, nimeilaza mbele kabisa mahali ambapo injini ingekaa. Seli ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.3, na kama hutaitumia wiki nzima iache kwenye 3.8. Kwa joto letu, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa nusu saa. Sevo ya usukani, kimota kinachogeuza magurudumu, usiibanie pesa: magurudumu yenye chubwi ni mazito kugeuza, na sevo yangu ya kilo 25 kwa sentimita hupata umeme wake kwa njia yake yenyewe. Ikivuta kutoka kwenye kipokezi kinachopokea amri za rimoti, volti huanguka, kipokezi kinazimika na kuwaka tena, na wakati huo gari limening'inia kwenye ukingo bila mtu wa kuliendesha.

Mahali pa kuendeshea, chagua mwamba mkavu uliokufa. Nje ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari, na hata kwenye vidimbwi vya ufuoni kuna matumbawe hai, kaa na shokwe. Gari halina kazi huko. Ukiona mwani wa kijani juu ya jiwe, rudi. Tairi halishiki, na uhai uliopo pale ni mkubwa kuliko starehe yetu. Siku za bamvua maji hutoka mbali na mwamba mkavu ni mwingi, lakini pia hurudi kwa haraka, kwa hiyo simama upande wa nchi kavu. Ukifika nyumbani lioshe gari zima kwa maji yasiyo na chumvi, lipulizie upepo, tia tone la mafuta kwenye kila beringi.

Wiki iliyopita nilimpelekea ami pikapu ikiwa imekamilika, rangi nyeupe, hata mkwaruzo wa mlango niliouona siku ile nimeuweka. Akaiweka juu ya jiliwa, akaizunguka bila kusema neno, akainama kwa nyuma.

"Mwanangu, hii imekosea. Ya kweli nyuma ni nyembamba kuliko mbele."

Ni kweli. Tangu 2007 walipopanua pua ya gari, magurudumu ya nyuma ya pikapu hii yamebaki ndani kidogo ya yale ya mbele. Ukiitazama ikija kwa mbali utaliona. Tulipima: karibu sentimita 10. Kwangu ni milimita 10, tano kila upande, na kila milimita nitakayoikata kwenye ekseli ya nyuma ubao utaidai. Ekseli iko kwenye jiliwa sasa hivi, nimeshaichora alama kwa penseli. Nitakata milimita mbili kwanza, nirudi kwenye ubao na simu, nisome pembe, ndipo nijue kama naweza kukata nyingine.