Betri Inayofaa Fensi ya Umeme, na Namna ya Kuichaji

Wakulima wanaotufikia kutoka Kamulu, Ruai na pande za Kitengela huleta lalamiko lilelile: fensi ya umeme ilifanya kazi vizuri miezi michache, sasa ng'ombe wanaivuka kama kamba ya kuanikia nguo. Betri ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi kweli ndiyo mbovu, ila iliharibikia dukani, siku ile mtu alipouziwa betri ya gari.

Betri ya gari imeundwa kupiga starta. Inatoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha injini inairudishia chaji papo hapo. Mashine ya fensi inafanya kinyume chake: inanyonya kidogo kidogo, usiku na mchana, wiki nzima. Vibamba vyembamba vya ndani ya betri ya gari havistahimili kukaushwa namna hiyo, na baada ya kuishiwa chaji mara kadhaa haishiki tena. Unachohitaji ni ile ambayo maduka ya Luthuli Avenue na Kirinyaga Road, Nairobi, huiita betri ya sola, yenye vibamba vinene. Soma kibandiko: ya gari hutangaza CCA, yaani nguvu ya kuwasha injini, ya sola hutangaza Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi), mara nyingi pamoja na alama kama C10 au C20, yaani saa ambazo kiasi hicho kilipimwa kikitolewa.

Ukubwa wa betri usikisie. Nyuma ya mashine ya fensi au katika kijitabu chake pameandikwa inatumia miliampea ngapi. Tuseme ni 200. Hiyo ni ampea 0.2, zidisha kwa saa 24, unapata 4.8 Ah kwa siku. Sasa, betri ya risasi (madini ya lead) na asidi usiitumie kupita nusu ukitaka idumu. Ya 70 Ah inakupa basi 35 Ah, yaani siku saba hivi kabla ya kuichaji. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ni ghali zaidi, lakini unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Ya 50 Ah inakupa 40, siku nane, na ni nyepesi kubeba mpaka mwisho wa shamba. Kwa mwenye uwezo, mimi ningemshauri hiyo, mradi anunue pia chaja yake, kwa kuwa chaja ya betri ya asidi haiifai.

Kwenye kuchaji ndiko betri nyingi nzuri zinakouawa. Kuna vibanda vya mtaani vinavyokuahidi betri iliyojaa kwa saa mbili. Iguse ubavuni inapotoka: ina moto, na ukifungua vifuniko maji yanachemka kwa mapovu. Wanaisukumia ampea nyingi mno. Kanuni salama kwa betri ya asidi ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, kwa hiyo ya 70 Ah ichajiwe kwa ampea 7, usiku kucha. Sehemu ya mwisho huingia polepole, na hakuna njia ya mkato. Chaja nzuri hupanda hadi volti 14.4 hivi, kisha hushuka yenyewe kwenye 13.7 au karibu na hapo. Betri ya jeli, ambayo asidi yake ni nzito kama uji, huhitaji volti pungufu kidogo, kwa hiyo fuata kibandiko chake.

Usiipime mara tu unapochomoa chaja, maana mita itakudanganya kwa kuonyesha volti 13 na zaidi. Iache itulie saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu. Hapo volti 12.7 ni betri ya asidi iliyojaa, 12.2 ni nusu, na ikifika 11.9 umechelewa kuichaji. Betri ya asidi ikikaa hivyo kwa wiki kadhaa, vibamba vyake huota ukoko mgumu wa salfeti, na chaja haiwezi kuutoa wote. Ile yenye vifuniko iongezewe maji ya betri pekee. Ya bomba yana chumvi.

Wenye paneli ya sola wasipige hesabu ya Februari. Nairobi ina mawingu mazito kuanzia Juni hadi Agosti, na kuna siku hupati hata saa tatu za jua kamili. Mashine yetu ya mfano inakula kama wati-saa 58 kwa siku (4.8 Ah mara volti 12). Paneli ya wati 20 kwa saa mbili na nusu inatoa wati-saa 50, na ukitoa theluthi inayopotea njiani zinabaki 33. Haitoshi. Ya wati 40 inakufikisha kwenye 67. Ielekeze kaskazini, kwa kuwa ndiko jua liliko miezi hiyo, na uilaze kwa nyuzi 10 hadi 15 mvua ipate kuosha vumbi.

Kabla ya kununua betri nyingine, tembea kando ya fensi. Nyasi zinazogusa waya hupeleka umeme ardhini, na udongo mweusi ukikauka na kupasuka, waya wa athi, ule unaounganisha mashine na ardhi, haufanyi kazi vizuri. Kwa ng'ombe, mita ya fensi isome angalau volti 3,000 mwisho wa waya. Ikiwa betri ina 12.6 na waya hauna nguvu, betri haina hatia. Fyeka, kisha ongeza vyuma vya athi.

Kuhusu usalama sina la kulegeza. Tenganisha betri na mashine kabla ya kuunganisha chaja ya umeme wa nyumbani. Chaja mbovu inaweza kupitisha umeme huo hadi kwenye waya. Mashine ya fensi hupiga pigo fupi, takriban mara moja kwa sekunde, ndipo mtu anapata nafasi ya kujinasua. Umeme wa nyumbani haumwachi, unaua. Chajia mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu betri ya asidi hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Betri ikifa, usiipasue wala kumwaga asidi shambani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Wauzaji wengi wa betri mpya huchukua kuukuu na kukupunguzia bei. Ipeleke ikiwa nzima, imesimama wima, mbali na watoto.