Ngagi wanne wa Tshiabirimu: maneno ya mtaani na ukweli

Oktoba 2024 ngagi, yaani gorila, wanne wa kike, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walibebwa kwa helikopta kutoka kituo cha GRACE, kinacholea gorila yatima huko Kasugho, hadi mlima Tshiabirimu ndani ya Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, wakaishi porini. Hapa Goma nimesikia mengi juu yao, na mengine yananiuma.

“Papa, mnyama wa pori si unamfungulia tu mlango?” aliniuliza mama anayeniuzia makala ya kupikia, mikono myeusi hadi viwikoni, akinipimia kwa ndoo.

Hapana, Mama. Hawa ni yatima walionyang'anywa majangili wakiwa wachanga. Mtoto wa gorila hufundishwa na mama yake jani la kula na namna ya kumenya mwanzi, aliyempoteza hajui. Kasugho walilelewa miaka mingi na yatima wenzao, katika uzio wenye msitu ndani yake. Na walipofika Tshiabirimu hawakuachiwa siku ile ile. Walikaa kwanza uzioni, wazoee baridi, na wenyeji wa mlima wapate kuwasikia.

Wengine husema wangepeleka dume lenye nguvu. Hapo ndipo tunapokosea zaidi. Gorila wa kike akikomaa huacha familia aliyozaliwa, akahamia kwa dume mwingine. Dume mgeni angepigana na mwenye mji, pengine mmoja afe, na kundi la Tshiabirimu lilikuwa limebaki na gorila wasiofika kumi. Kilichohitajika ni majike na damu mpya. “Kumbe ni mabibi harusi!” akasema mama. Ndiyo hasa.

Eti ni kazi ya Wazungu? Hifadhi iko chini ya ICCN, taasisi ya serikali yetu. Walezi wa Kasugho ni Wakongo. Madaktari wa Gorilla Doctors hupima afya. Mmoja akilegea, kazi ya wote inakwama: mlezi hawezi kulinda mlima, na askari wa hifadhi hawezi kulea yatima.

Wala si wale gorila wa mlima wanaotembelewa na watalii upande wa mlima Mikeno. Hawa ni wa aina nyingine, gorila wa Grauer, na duniani kote porini wanaishi Kongo peke yake.

“Basi siku moja twende tuwasalimie.” Nilimwambia mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua gorila. Anayewafuata huvaa barakoa na kusimama mbali.