Petroli si ya kuoshea vipuri

Pita Grogan, mtaa wa gereji jijini Nairobi, barabara ya Kirinyaga, utamkuta fundi amechovya mikono kwenye beseni la petroli akisugua karabureta. Mimi ni mkemia wa viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu kama grisi, na beseni hilo hunikosesha raha kuliko jambo lolote katika kazi hii. Petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu, na mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Cheche moja ya mchomeleaji jirani inatosha kuteketeza safu nzima ya vibanda.

Badala yake napendekeza limonini. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda la chungwa, yale yanayokurukia machoni unapomenya, ni limonini. Maganda hupitishiwa mvuke wa maji, mvuke ukapoozwa, na mafuta yakaelea juu. Grisi huyeyuka humo upesi. Ukitaka kuona nguvu yake, itonee kwenye povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya: litanywea mbele ya macho yako.

Limonini huchemka kwenye nyuzi 176, na mvuke wake hauwaki mpaka ipate joto la karibu nyuzi 48. Kwa sababu hiyohiyo haikauki haraka, kwa hiyo kipuri hakina budi kufutwa kwa kitambaa au kusuuzwa kwa maji ya sabuni. Fundi wa vanishi asiyeweza kusubiri atumie spiriti, ethanoli inayotokana na molasi ya miwa (masalio mazito ya kutengeneza sukari) kama ile ya Muhoroni, magharibi mwa Kenya. Lakini spiriti haiondoi grisi vizuri, na huwaka kwa urahisi.

Kutoka kwenye mmea hakuifanyi limonini kuwa salama kwa kila hali, na hili nalisisitiza. Ikiachwa wazi, hewa huibadilisha, na kinachozaliwa huleta mzio wa ngozi. Jaza chupa hadi juu, ifunge vizuri, iweke gizani. Vaa glavu za nitraili (mpira wa viwandani unaostahimili mafuta), maana mpira wa kawaida huvimba. Sili za mpira nazo zitoe kabla ya kuchovya kipuri.

Usiimwage mtaroni kamwe. Grogan inapakana na Mto Nairobi, na limonini ni sumu kali kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Ikichafuka, iache itulie usiku kucha, tope lizame, kisha ichuje uitumie tena.