Si mafua ya farasi yaliyoiunguza Boston

Husimuliwa kwamba moto mkubwa wa Boston, Novemba 1872, uliwashinda zimamoto kwa sababu farasi wao waliugua mafua. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Mwaka huo ulisambaa Kanada na Marekani, na farasi wengi wa vituoni hawakufaa kazi. Ila mkuu wa kikosi, John Damrell, alishajipanga: watu waliajiriwa kuvuta pampu za mvuke kwa kamba. (Mvuke wenyewe ulisukuma maji tu, haukuvuta gari.) Uchunguzi wa baadaye ulikuta walichelewa dakika chache tu.

Tatizo lilikuwa chini ya barabara. Mabomba ya maji ya eneo lile yalikuwa membamba na chakavu, huku juu yake yamepangana maghala marefu yenye mapaa ya mbao. Maji yalirushwa, yakaishiwa nguvu kabla ya kufika juu, moto ukaruka paa hadi paa. Visanduku vya kuitia zimamoto navyo vilifungwa kwa kufuli, wahuni wasije wakavichezea. Majengo 776 yaliteketea. Damrell alikuwa ameshaomba mabomba makubwa zaidi. Wakubwa wa jiji hawakumsikiliza.