Presha ya kupanda: maana yake na inavyokosewa

Katika vituo vya afya vya Mbeya na Iringa, na hata kwenye daladala zinazorudisha watu kutoka kliniki, kauli hii husikika mara nyingi mno: "Presha yangu ilipanda, nikapewa dawa, imeshuka, nimeziacha." Anayeitoa huamini kwamba amepona.

Presha, yaani shinikizo la damu, ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Namba ya juu husomwa moyo unapojikaza, ya chini unapolegea. Mtu mzima aliyepimwa siku tofauti na kukutwa na 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa ya chini, huambiwa ana shinikizo la juu la damu.

Tatizo liko katika hilo neno "kupanda". Presha ya kila mtu, hata mwenye afya njema, hupanda na kushuka kutwa nzima: hupanda akikasirika, akibanwa na mkojo au akikwea kilima na mzigo kichwani, na hata baridi ya Juni na Julai huku kwetu nyanda za juu hubana mishipa na kuiongeza kidogo. Ndiyo maana mgonjwa aliyefika akihema hutakiwa aketi walau dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea na mkono ukiwa usawa wa moyo, ndipo apimwe. Kupanda huko ni kwa muda tu, na mwili hukurekebisha wenyewe. Ugonjwa ni kitu kingine kabisa, kwa sababu shinikizo hubaki juu mtu akiwa ametulia, miezi na miaka, likiuchosha moyo, likikakamaza mishipa na kuharibu figo, macho na ubongo bila maumivu yoyote. Wengi hawahisi chochote hadi siku ya kiharusi. Kwa hiyo inasikitisha kumsikia mtu mzima mwenye busara zake akisema, "Mimi ikipanda najijua, kichwa huniuma," kwa kuwa kichwa huuma kwa mambo mengi, na kutouma kwake hakuthibitishi kwamba presha iko sawa.

Kosa hilo limezaa pacha wake, "presha ya kushuka". Ni kweli shinikizo linaweza kuwa chini mno, kwa mfano mtu akiharisha sana, akipoteza damu nyingi au akizidishiwa dawa. Lakini mara nyingi mama anayeona kizunguzungu sokoni huambiwa na majirani wenye nia njema kwamba imeshuka, akalambishwa chumvi kabla hajapimwa, ilhali chumvi ndiyo aliyokatazwa kliniki. Kizunguzungu hakisemi presha iko wapi. Mashine ndiyo husema.

Basi anayemeza dawa zake kila siku, na kipimo chake kikasoma 128 kwa 80, asiseme kwamba presha imeshuka na amepona. Aseme imedhibitiwa, kwa kuwa imefika hapo kwa nguvu ya dawa na mara nyingi itarudi juu akiziacha, kisha aendelee kuzimeza, na kama anataka kupunguziwa, ayazungumze hayo na daktari wake siku ya kliniki.