Je, wajua kwa nini mnyama aliyewindwa kihalali hufungwa lebo kabla ya kusogezwa?

Mwindaji nchini Marekani amelipia leseni, ameingia porini katika msimu ulioruhusiwa, na amemwangusha kulungu dume wa aina na ukubwa unaokubalika kisheria. Mtu angedhani kwamba kazi iliyobaki ni kumchuna mnyama na kumbeba hadi nyumbani. Hata hivyo, katika majimbo mengi, hasa yale ya magharibi, mwindaji huyo hana ruhusa ya kumburuta mnyama wake hata hatua chache kabla ya kutoa mfukoni lebo iliyokuja na leseni, kukata kwa kisu alama za mwezi na tarehe ya siku hiyo, kutia sahihi, na kuifunga lebo hiyo kwenye pembe, mguu au sehemu nyingine ya mzoga. Asipofanya hivyo, huwa amevunja sheria, ingawa leseni ni yake na mnyama alikuwa halali kuwindwa. Kwa nini dakika hizo chache zipewe uzito mkubwa kiasi hicho?

Jibu linaanzia kwenye leseni yenyewe. Leseni ya mnyama mkubwa, kama vile kulungu, elki, dubu au kondoo wa milimani, kwa kawaida humruhusu mtu kuua mnyama mmoja tu wa aina iliyotajwa, katika eneo na siku zilizotajwa, na idadi ya leseni zinazotolewa hukadiriwa kulingana na wanyama waliopo. Karatasi ambayo haijakatwa tarehe haioneshi kama imeshatumika. Mtu asiye mwaminifu angeweza kumfikisha kulungu wa kwanza nyumbani, akamhifadhi kwenye jokofu, kisha akarudi porini na karatasi ileile kumtafuta wa pili na wa tatu. Tarehe inapokatwa pale mnyama alipoangukia, karatasi hufa pamoja naye na haiwezi tena kumfunika mnyama mwingine. Ndiyo maana sheria nyingi husema wazi kwamba lebo iliyokatwa kabla ya mnyama kuuawa ni batili, na iliyokatwa baada ya mzoga kusafirishwa imechelewa.

Sababu ya pili ni kwamba ushahidi mwingi hubaki mahali mnyama alipofia. Damu, nyayo, eneo na saa ya kifo husomeka palepale, lakini nyama iliyopakiwa garini haiwezi kumwambia askari wa wanyamapori kama ilitoka upande huu wa mto, ambako uwindaji unaruhusiwa, au upande wa pili, ambako haukuruhusiwa. Kadiri mzoga unavyosafiri ndivyo unavyopoteza historia yake, na lebo ndiyo inayobeba historia hiyo badala yake.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa hasara kubwa. Katika karne ya 19, reli ziliwawezesha wawindaji wa biashara kupeleka shehena za nyama, ngozi na manyoya katika masoko ya miji ya mbali. Nyati wa Amerika Kaskazini, waliokuwa wakihesabiwa kwa mamilioni, walikaribia kutoweka kabla ya mwaka 1890, na njiwa msafiri, ndege aliyekuwa na makundi makubwa mno, alitoweka kabisa pale wa mwisho wake alipokufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Majimbo yalitunga sheria, lakini sheria ya jimbo iliishia mpakani, na treni haikusimama hapo. Jimbo la Connecticut lilijaribu kuziba pengo hilo kwa kukataza kutoa nje ya jimbo ndege fulani wa porini, hata kama waliwindwa kihalali, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ililiunga mkono katika kesi ya Geer dhidi ya Connecticut. Uamuzi huo ulikuja kutenguliwa mwaka 1979.

Hatua kubwa zaidi ilikuja tarehe 25 Mei 1900, Rais William McKinley alipotia sahihi sheria iliyoletwa na mbunge John F. Lacey wa Iowa. Sheria ya Lacey ililifanya kuwa kosa la shirikisho, yaani kosa dhidi ya sheria ya nchi nzima, kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine mnyama au ndege aliyeuawa kinyume cha sheria za jimbo alikotoka, na ikataka vifurushi vya usafirishaji viandikwe wazi jina na anwani ya mtumaji pamoja na kilichomo ndani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo fikra nzima ya lebo ilipokomaa, kwa sababu tangu hapo mzigo wa nyama ya porini ulitakiwa kujieleza wenyewe popote ulipofika. Sheria hiyo, iliyopanuliwa mara kadhaa, inatumika hadi leo.

Lebo peke yake haitoshi, maana mzoga hukatwakatwa ili ubebeke. Ikiwa leseni ni ya dume pekee, askari atajuaje kwamba mapaja manne yaliyomo garini si ya jike? Kwa sababu hiyo majimbo mengi huagiza kwamba ushahidi wa jinsia, ama kichwa au viungo vya uzazi, ubaki umeungana na sehemu ya nyama kwa namna ya asili hadi safari iishe. Wapo wanaoliona agizo hili kuwa la kuudhi. Mimi naona kwamba bila hilo, kuwalinda majike wanaozaa kungebaki maandishi tu.

Nyama ikikabidhiwa mtu mwingine aisafirishe, kwa kawaida huandamana na hati iliyotiwa sahihi na mwindaji, yenye jina lake, namba ya leseni, aina ya mnyama na tarehe ya kuuawa kwake. Wachinjaji, wenye vyumba vya baridi na mafundi wanaokausha na kutunza nyara nao hutakiwa katika majimbo mengi kuweka kumbukumbu za kila mzoga wanaoupokea.

Jimbo la Alaska huongeza kanuni inayoonesha wazi nia ya sheria: pembe za paa mkubwa wa kaskazini (moose) hazitakiwi kutangulia kuondoka porini huku nyama inayolika ikiachwa ioze. Nyama hutoka kwanza, au vyote hutoka pamoja. Ngozi na fuvu la dubu wa kahawia hupelekwa kwa maofisa ili vifungwe lakiri yenye namba, na jino dogo hung'olewa, kwa kuwa matabaka yaliyomo ndani yake huhesabiwa kama pete za mti na kuonesha umri wa mnyama. Hapo lebo inageuka kuwa chombo cha sayansi, maana umri wa dubu wanaouawa huwasaidia wataalamu kujua kama uwindaji umezidi kiasi.

Tangu ugunduliwe ugonjwa sugu wa kukondesha kulungu, usafirishaji umepata sababu nyingine ya kudhibitiwa. Dalili zake zilionekana kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliokuwa wakifugwa katika kituo cha utafiti huko Colorado, na sasa umefika katika zaidi ya majimbo 30. Norway iliupata kwa paa wa theluji (reindeer) mwaka 2016. Unasababishwa na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya, ambayo haiangamizwi na joto la kupikia na hudumu udongoni kwa miaka. Prioni hujikusanya zaidi katika ubongo na uti wa mgongo. Ndiyo sababu majimbo mengi huzuia kuingizwa kwa mizoga mizima kutoka maeneo yenye ugonjwa, na kuruhusu nyama isiyo na mifupa, ngozi isiyo na kichwa, meno, na kipande cha fuvu kilichosafishwa chenye pembe.

Mipaka ya mataifa nayo ina lebo zake. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliosainiwa Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975, umeweka utaratibu kwa ngozi za chui zinazotoka katika nchi za Afrika zenye mgawo, yaani idadi inayoruhusiwa kwa mwaka: kila ngozi hufungwa lebo inayojifunga yenyewe, isiyoweza kufunguliwa na kutumika tena, yenye jina la nchi, mwaka mnyama alipouawa, na namba ya ngozi hiyo katika mgawo wa mwaka.

Lebo ya nyama humaliza kazi yake nyama inapoliwa. Kwa kondoo wa milimani mambo ni tofauti: katika majimbo kadhaa ya magharibi, ofisa hutoboa tundu kwenye pembe ya dume na kuingiza humo kizibo chenye namba, na kizibo hicho hubaki ndani ya pembe hata inapouzwa, inaporithiwa, au inapookotwa na mtu ambaye hakumjua kamwe mwindaji.